Barua Moja kwa Watoto Wote

Ijumaa, 6 Septemba

Ijumaa ya barua. Nimepiga muhuri tangu saa mbili asubuhi hadi kiganja kikawa zambarau. Rundo zima la fotokopi kutoka saiba, duka la kompyuta la Molo, zote maneno yale yale, nafasi ya jina wazi. Napiga muhuri kwanza, natia sahihi, naweka kabatini. Mtu akija Jumatatu na haraka zake najaza jina na namba ya kitambulisho, basi, aende. Naibu wa chifu aliyekuwa hapa kabla yangu alifanya hivyo. Aliyemtangulia pia.

Barua yenyewe inasema mwenye barua ni mkaazi wa kata ndogo hii, amezaliwa na kulelewa hapa, familia yake haina uwezo, tafadhali asaidiwe. Inatosha kwa basari. Inatosha hospitalini. Imewahi kumtoa mtu rumande. Hakuna mtoto wa kata yangu aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa barua, na hilo najivunia.

Ukungu haukuondoka hadi saa tano. Ofisi ni chumba cha mabati kando ya josho, na leo ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe. Barua zote zinanuka dawa ya kupe.

Damaris alikuja kuaga. Anaanza uuguzi Jumatatu, chuo cha kanisa kule Nakuru. Ana C+. Ameingia kwa zile nafasi maalum nne wanazowawekea kila mwaka watoto wa familia zilizohamishwa msituni. Alikuja na nyanyake, ambaye kijiji kizima kinamwita Kogo. Kogo ndiye aliyetolewa msituni. Alitoka na kuku mmoja na Biblia, na mpaka leo akisikia lori likinguruma usiku anaamka kufunga mizigo. Amenitemea mate mkononi, ndiyo baraka ya kwao. Nilingoja wapite kona ndipo nikajifuta.

Nimefurahi leo. Naandika ili nikumbuke.

Jumanne, 10 Septemba

Mwalimu Elijah amepita ofisini. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye lori la viazi. Binti yake Sharon ana B. Aliomba chuo kile kile, kozi ile ile. Akaambiwa nafasi zimejaa.

"Madam, B inabaki nyumbani, C inaenda shule. Hiyo ni hesabu gani?"

Nikamwambia nafasi zile nne ziko kando, Sharon hakushindania hizo. Akanitazama kama anayetazama mwanafunzi mzito.

"Wewe utaona ni sawa. Si hata wewe uliingia hivyo hivyo."

Damu ilinichemka. Ilichemka kwa sababu ni kweli. Kwenye mahojiano ya kazi hii nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Joel, ndugu yake Elijah. Wakubwa wakasema tarafa nzima haina naibu mwanamke hata mmoja, na sheria ya theluthi moja ya wanawake kazini haiwezi kukaa kwenye karatasi tu. Nikapewa mimi. Mwaka wa sita huu. Bado wananiita Naibu wa Theluthi wakidhani sisikii. Nasikia. Nimesikia hata kwenye foleni ya ushirika mtakatifu.

Jioni nimemwaga ndoo nzima ya maziwa kwa hasira. Baba Brian ameiokota ndoo bila neno. Huyo mume wangu maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya matangazo Elijah aliomba dakika mbili. Akasema anaenda mahakamani. Si kwa ubaya, alisema, ila Katiba inasema watu wote ni sawa, na mtoto wake ni mtu. Wengine wakasema amina. Wengine wakageuka kumtazama Kogo. Kogo, ambaye masikio yamechoka, naye akasema amina, kwa nguvu kuliko wote.

Sharon alikuwa ameinamisha kichwa hadi sikuona uso.

Mchungaji naye akasimama akasema Katiba hiyo hiyo inasema waliotengwa wawekewe nafasi. Kitabu kimoja, kila mtu na aya yake. Tumezoea.

Alhamisi, 26 Septemba

Karatasi za mahakama zimeletwa na kijana wa bodaboda. Alinipa nitie sahihi nikiwa na matope hadi magotini.

Nimezisoma mara tatu. Elijah ameshtaki chuo. Anasema mambo mawili. Kwanza, nafasi maalum ni ubaguzi, zifutwe. Pili, hata kama zitabaki, Damaris hakustahili, kwa maana aliingia kwa hati ya uongo.

Hati ya uongo ni barua yangu. Imeambatanishwa. Muhuri wangu, sahihi yangu. Amezaliwa na kulelewa hapa.

Nyuma yake kuna nakala ya cheti cha kuzaliwa. Damaris alizaliwa Mai Mahiu.

Nilijua. Nani hajui? Mamake anauza chapati kule, mahali malori yanapolala. Alimzaa huko, akamleta kwa Kogo akiwa wa kuingia darasa la nne. Elijah mwenyewe ndiye alikuwa mwalimu mkuu. Ndiye aliyempokea, na alipoona hana sare akamnunulia ya kwanza. Na ndiye aliyekiona cheti kile. Mtu mmoja, mkono ule ule.

Mbona sikuufuta mstari? Sikuufuta kwa sababu sikuusoma. Barua niliyoitoa mara elfu, ningeisomea nini?

Nimeshindwa kula. Naogopa.

Ijumaa, 27 Septemba

Sikupiga muhuri. Watu kumi na wanne wamerudi nyumbani mikono mitupu. Nimewaambia wino umeisha.

Alhamisi, 3 Oktoba

Jaji ameamuru Damaris abaki darasani mpaka kesi iamuliwe. Nilipiga magoti palepale, kando ya josho.

Halafu Damaris akanipigia simu mwenyewe. Kumbe darasa zima linajua. Wanamwita C Plus. Msichana mmoja amekataa kufanya naye zoezi la kupima presha, eti asije akapimwa vibaya. Anakula peke yake.

"Madam, si nirudi tu nyumbani?"

"Usitoke hapo," nikamwambia. "Umenisikia? Usitoke."

Nilitumia ile sauti ya baraza. Nikakata simu, nikaenda nyuma ya josho nikalia. Mtamba wa jirani ndiye shahidi.

Najua wanavyomwangalia. Nimeangaliwa hivyo miaka sita. Nikichelewa mkutano, ni theluthi. Nikipatanisha watu wa mpaka wa shamba na wakapatana, ni bahati. Sasa nimekosea kweli, kosa langu halisi, na watasema tuliwaambia. Hawatasema huyu mama hakusoma barua. Watasema wanawake.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkubwa wangu wa tarafa aliniita. Chai ilikuwa tayari mezani. Nikajua hakuna jema.

Amenitayarishia hati ya kiapo. Inasema familia ya Damaris ilinidanganya kuhusu mahali alipozaliwa, nami kwa nia njema nikaamini.

"Sign hapa, Madam, urudi ukachimbe viazi zako na amani."

Nikamwomba niende nayo nyumbani. Njiani nikampigia wakili wa chuo, kijana mwenye subira. Amenieleza polepole. Nikisema nilidanganywa, Damaris ni mdanganyifu. Atafukuzwa, hatakubaliwa tena chuoni humo, na anaweza kushtakiwa yeye na Kogo. Nikisema kosa ni langu, msichana ana mlango hata kama ni mwembamba. Mimi nitapoteza kazi.

Kwa hivyo ni yeye au mimi. Nashukuru angalau nimeelewa.

Nimemweleza Baba Brian wakati wa kukamua. Akakamua hadi ndoo ikajaa ndipo akasema, "Ng'ombe wapo." Basi. Sijui alinifariji au alinikumbusha kufunga zizi.

Jumapili, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Nimepanga viti vya wageni, nimefukuza mbuzi jukwaani, nimesoma hotuba isiyo yangu. Elijah alikuwa mstari wa mbele na akanisalimia kwa mkono mbele ya watu wote. Mtu mstaarabu. Ndiyo inaniudhi zaidi.

Mkobani nilikuwa na karatasi. Jana nilifukua faili za zamani nikaipata. Barua ya basari ya Sharon, kidato cha pili, nakala yangu. Amezaliwa na kulelewa hapa, hilo ni kweli. Familia yake haina uwezo. Mwenye lori! Mwenye geti la chuma! Alikuja kuichukua mwenyewe, akangoja zamu yake kwenye benchi na kofia mkononi, na mimi nikajaza jina bila kuinua macho.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kila hotuba ilipokuwa ikiendelea niligusa mkoba. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri vibaya sana.

Jumanne, 22 Oktoba

Sharon amekuja ofisini peke yake. Sikujua nimkaribishe au nimfukuze. Nikampa chai.

Ameizungusha tu kikombeni mpaka ikapoa. Kisha maneno yakatoka yote mara moja.

"Madam, hii kesi si mimi nilitaka. Damaris alikuwa deskmate wangu, tumekula lunch moja. Lakini pia mimi nilisoma. Nilikuwa naamka saa tisa. Nilisoma sana, Madam, na hakuna mtu anasema hiyo."

Kweli hakuna aliyesema. Hata mimi. Siku zote hizi nimemwona babake tu, na lori, na geti. Sijawahi kukaa nikafikiri juu ya msichana aliyeamka saa tisa kwenye baridi hii yetu, akapata B, akaambiwa zimejaa.

Nikamwambia amesoma vizuri. Akalia kama mtoto mdogo.

Alipoondoka niliirudisha ile nakala kwenye faili. Sina raha ya kuibeba tena.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeirudisha ile hati ya kiapo tarafani. Sikuitia sahihi. Mkubwa hakunipa chai.

Nimeapa nyingine Molo. Ni fupi. Kwamba barua ni yangu, kwamba nilijua Damaris alizaliwa Mai Mahiu, kwamba yeye wala Kogo hawakuniambia lolote la uongo, kwamba sikuisoma.

Kamishna wa viapo alinitazama juu ya miwani. "Mama, una hakika?" Nikasema hakika ninayo, ujasiri ndio sina.

Jumanne, 5 Novemba

Nakuru. Nimerudi sasa hivi, viatu bado viko miguuni.

Nimesimama kizimbani karibu saa nzima. Nilivaa sare, huenda ni mara ya mwisho. Elijah alikuwa amevaa suti ya arusi. Kogo alikuja na koti la mvua la marehemu mumewe, akaketi katikati ya mawakili. Karani akajaribu kumsogeza akashindwa.

Wakili wa Elijah aliniuliza maswali ya kunyoosha. Barua ni yako? Yangu. Ulijua si kweli? Nilijua. Ukaitia sahihi? Nilikuwa nimeshatia, kabla hata jina lake halijaandikwa. Hapo watu wakaguna. Akaniomba nieleze, nami nikaeleza yote: fotokopi, Ijumaa, kabati. Nilipoisema kwa sauti mbele ya jaji ilikuwa ya aibu kuliko nilivyodhani. Nyumbani huonekana kama kazi.

Akauliza kama kuna wengine niliowaandikia maneno hayo.

"Wote," nikasema.

"Wote nani?"

"Watoto wote wa kata ndogo yangu. Barua ni moja."

Nadhani alitaka kuonyesha ukubwa wa uozo wangu. Hakujua shimo lilipo. Ni wakili wa chuo aliyesimama baadaye, yule kijana, akauliza polepole kama binti wa mlalamishi naye yumo. Nikamgeukia jaji. Akaniambia nijibu.

Nikajibu. Ndiyo, kwa basari. Ndiyo, ilisema familia haina uwezo. Sikumtazama Elijah. Wanasema alitazama viatu vyake mpaka mwisho. Nilikuwa nimeiota siku hiyo nikiwa na nakala mkobani, na ilipofika nilitamani sakafu inimeze na yeye pamoja.

Lakini hilo silo linaloniumiza. Kijana akanipa fomu ya chuo ya nafasi maalum. Ile ile aliyoniletea Damaris mwaka huu nikaichomekea barua kwa pini. Akaniambia nisome sharti la tatu kwa sauti.

Mwombaji awe mtoto au mjukuu wa mtu aliyehamishwa msituni.

Mjukuu.

"Kuna mahali pameandikwa lazima awe amezaliwa huko?"

"Hakuna."

"Kuna mahali chuo kimeuliza alizaliwa wapi?"

"Hakuna."

"Kwa nini basi uliandika?"

Niliitazama fomu tena. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyehitaji. Kogo peke yake alitosha, Kogo na kuku wake na Biblia yake. Ukweli ulikuwa unatosha na kubaki, na mimi nikauwekea uongo juu.

Kwenye veranda ya mahakama Damaris alinisalimia kwa heshima. Heri angenitukana.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikuandika siku hizi. Sina la kuandika. Viazi vinaoza upande wa mtoni kwa mvua. Silali.

Kanisani nimekaa nyuma. Mama mmoja alinipisha benchi zima, sijui ni heshima au anakimbia ukoma.

Ijumaa, 29 Novemba

Hukumu.

Jaji alisoma kwa sauti ndogo, tukawa tunasogea mbele kama kuku kwenye mahindi. Nafasi maalum ni halali. Alieleza kwa urefu. Kwamba kumwekea nafasi aliyesukumwa nyuma si kumnyang'anya aliye mbele, kwamba usawa si kufumba macho. Niliona Kogo akiitikia kwa kichwa, ingawa najua hakusikia hata neno. Nikadhani tumeshinda. Nikamshika mkono.

Kisha akafika kwenye barua. Fomu ya chuo inasema chini kabisa, na hilo nalo sikuwa nimelisoma, kwamba hati yoyote ikiwa na uongo nafasi inafutwa. Akasema msichana hakudanganya, aliandikiwa uongo, na mahakama imeliona hilo kutokana na ushahidi wa naibu wa chifu mwenyewe. Kwa hivyo hana hatia, na anaweza kuomba tena muhula wa Machi kwa hati za kweli. Lakini nafasi aliyonayo haiwezi kusimama.

Elijah ameshindwa kesi. Damaris amefukuzwa chuo. Na nafasi ile haiendi kwa Sharon, maana imewekewa wa msituni, na masomo yameshika kasi, kwa hivyo itakaa tu. Kiti kitupu mpaka Machi.

Nje ngazini Elijah alisimama karibu na Damaris. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona tu akivua kofia.

Jumapili, 1 Desemba

Damaris amerudi. Alishuka na sanduku la bati na ndoo yenye sare nyeupe ndani, zimekunjwa, hazina hata doa. Alipanda mlima wa kwa Kogo bila kugeuka.

Nilitaka kwenda. Sikwenda. Niende nikaseme nini?

Jumatano, 4 Desemba

Barua ya kusimamishwa kazi imefika. Ina muhuri uliopigwa vizuri, sawa kabisa na mstari. Nimeisoma kila neno. Sasa nimekuwa msomaji.

Joel atashika ofisi kwa muda. Nimemkabidhi ufunguo, kabati, kitabu cha baraza na muhuri. Alikuwa na adabu. Aliniuliza kama paa linavuja, nikamwonyesha mahali pa kuweka ndoo. Zile barua nilizokwisha kuzitia sahihi nilikuwa nimezichoma jikoni asubuhi. Zilichemsha maji ya chai ya watu watatu.

Alipokuwa akienda akasema, "Pole, Madam. Hata mimi singependa hivi." Nadhani anasema kweli. Alikuwa wa kwanza kwenye mahojiano yale. Labda angekuwa bora kuliko mimi. Nimeliandika hapa kwa mara ya kwanza, na limeuma kidogo kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 18 Desemba

Nimekwenda kwa Kogo hatimaye. Nimebeba maziwa. Damaris alikuwa shambani mwa watu, anachimba viazi kwa kibarua. Kogo akanikaribisha kama kawaida, hana habari ya kinyongo, au anayo na amezeeka kuibeba. Nikamwomba msamaha kwa sauti kubwa ili asikie. Akaniuliza kama ng'ombe wangu yule mwekundu amezaa.

Damaris alirudi jioni, matope mpaka kiunoni. Nikamwomba msamaha na yeye. Alinawa mikono kwanza, akakausha, akaketi.

"Nilikuambia nirudi ukaniambia nikae," akasema. "Ni sawa ulinikatalia. Nilijifunza kupima presha. Lakini Madam, hiyo barua ungeisoma."

Nikasema ndiyo.

Alinipima mapigo ya moyo, vidole kwenye kifundo cha mkono, akihesabu midomo ikicheza. Akasema yanakimbia.

Alhamisi, 9 Januari

Sharon amepata chuo Eldoret, anaanza Machi. Si uuguzi, ni maabara. Amekuja kunipa habari, kisha akaendelea mpaka kwa Kogo. Walikaa na Damaris nje kwenye jua hadi alasiri. Niliwaona nikiwa shambani. Sikuona wakicheka, lakini walikaa.

Elijah tunasalimiana. Juzi alisimamisha lori njiani akanishushia gunia la mbegu ya viazi bila maelezo. Nikalipokea bila maelezo.

Ijumaa, 24 Januari

Kumekuwa na jua. Nimevuna mistari sita. Kutoka shamba letu la juu naiona ofisi, na Ijumaa foleni inapita josho.

Damaris alikuwa kwenye foleni tangu saa mbili. Anahitaji barua ya kuomba Machi, na fomu inafungwa wiki ijayo. Saa tano alikuja kwangu, akaketi juu ya gunia, akanipa karatasi.

Fotokopi. Maneno yale yale, na jina lake limejazwa kwa kalamu. Amezaliwa na kulelewa hapa, familia yake haina uwezo. Sahihi ya Joel. Wino wa muhuri haujakauka.

Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumwogopa. Nilifurahi. Kwa dakika moja nilifurahi moyo wote, kwamba yule wa kwanza, ndugu ya Elijah, aliyekaa mahakamani akasikia yote, naye foleni ilipokuwa ndefu alifanya kama mimi. Mungu anisamehe. Kisha nikamwona Damaris ananitazama, furaha ikaisha.

Nikamwambia niende nikaseme na Joel. Akakataa.

"Nitaenda mwenyewe."

Akakunja karatasi mara nne, akashuka. Nilidhani atapita mbele, ana haki. Hakupita. Alishika mkia wa foleni, nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni. Nikaendelea kuchimba. Kila nikinyoosha mgongo nilimwona amesogea kidogo.

Aliingia karibu saa tisa. Alikaa ndani sana. Waliobaki nje wakaanza kupiga kelele, Joel akatoka akawaambia wangoje, akarudi ndani. Baadaye nikaona mlango umefunguliwa na Joel mwenyewe anapanda mlima kuelekea kwa Kogo, Damaris mbele, yeye nyuma anahema. Foleni ikabaki inawatazama.

Magharibi Damaris amekuja nyumbani. Hakuketi. Barua imeandikwa kwa mkono, mwandiko wa Joel kama wa kuku aliyekanyaga wino, muhuri umepinda.

"Nisomee," akasema. "Usikose hata neno."

Nikaileta taa karibu. Alizaliwa Mai Mahiu. Alikuja kwa nyanyake akiwa darasa la nne. Nyanyake anaitwa Rebeka, alihamishwa kutoka msituni, nimemuuliza mwenyewe leo nyumbani kwake. Hakuna kingine.

Akaniuliza kama iko sawa. Nikasema ngoja. Nikairudia tangu juu, kidole kwenye mstari, mpaka kwenye sahihi.

Iko sawa, nikamwambia.